Anzia kwenye lifti
Umeuliza uanzeje kuwafundisha sosholojia wanachuo wa mwaka wa kwanza bila kuwachosha na nadharia. Mimi ningeanza na lifti. Waulize: mkiingia mkakuta watu msiowajua, mnasimamaje? Wengi watajibu karibu sawa: uso mlangoni, macho juu au kwenye simu, nafasi imegawanywa bila mtu kutamka neno. Kisha uliza ni nani aliyewafundisha. Hapo darasa hunyamaza, na ukimya huo ni mali, usiukatize. Mwanasosholojia Erving Goffman alilichunguza jambo hilihili: tunavyomtupia jicho mtu tusiyemjua, kuonyesha tumemwona, kisha tukaliondoa ili tumwachie nafasi yake.

Baada ya hapo watume wakakae nusu saa mahali penye foleni, waandike wanachokiona kabla ya kutoa hukumu yoyote. Nani anaruhusiwa kupita mbele? Nani analalamika, na nani ananyamaza ingawa ameonewa? (Wasiandike majina ya watu wala kuwapiga picha.) Majibu yatawafikisha wenyewe kwenye umri, jinsia, tabaka na mamlaka. Durkheim na Weber, waasisi wa sosholojia na nadharia zake, waje hapo, wakute wanafunzi tayari wana maswali.