Jibu: Michezo ipi itakubali kwenye kipakatalishi changu?
Ndugu yangu wa Kisauni, umeuliza ni ipi kati ya michezo arobaini uliyo nayo itakubali kwenye kipakatalishi cha mtumba chenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya gigabaiti 4, kisicho na kadi yake ya michoro. Usianzie kwenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta; anzia kwenye RAM. Mashine ya namna hiyo huazima sehemu ya RAM ili kuchora picha, na Windows nayo hudai fungu lake, kwa hivyo gigabaiti 4 zako si 4 kamili.

GTA: San Andreas, iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2005, ilihitaji RAM ya megabaiti 256 tu, basi anza na ya rika lake. GTA V ya mwaka 2015 hutaja gigabaiti 4 kuwa kiwango cha chini, nacho, kwa maoni yangu, huahidi kwamba mchezo utafunguka, si kwamba utachezeka. Cyberpunk 2077, iliyo nzito zaidi ya hizo, iweke kando kabisa.

Ukiongeza RAM, weka vipande viwili vinavyolingana, kwa kuwa michoro hunufaika sana. Tena, kwa joto letu hili la Mombasa, safisha feni kwanza, maana prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe.