Salfaidi ya chuma: mwalimu mwenzangu, anza na nondo

Likikaribia somo la mchanganyiko na kampaundi (vitu vilivyoungana kikemia), tunapochoma chuma na salfa, yaani kiberiti upele, ili kupata salfaidi ya chuma, walimu wenzangu hapa Pemba huniuliza unga wa chuma naupata wapi. Chukua kipande cha nondo na tupa ya fundi, ukwangue mwenyewe. Vumbi la grenda kwa fundi mageti liache. Lile limesharuka cheche na sehemu kubwa imeshakuwa oksidi (chuma kilichoungana na oksijeni), na sumaku haitakwambia, maana oksidi nyeusi ya chuma nayo hunaswa. Kibaya zaidi, huenda lina zinki ya mabomba au alumini ya madirisha, na zinki ikichomwa na salfa huwaka ghafla kwa ukali usiofaa mbele ya watoto wa watu. Ukishapata unga wako, ufunge kwenye chupa kavu. Masika ya huku hayachelewi kuutia kutu.

Kipimo ni gramu 7 za chuma kwa gramu 4 za kiberiti upele, kwa sababu atomu ya chuma ina uzito wa 56 na ya salfa 32. Changanya vizuri, kisha tia kidogo tu kwenye testi tyubu, isizidi robo kijiko cha chai. Kabla ya moto, wanafunzi wapitishe sumaku juu ya mchanganyiko (ivishe mfuko wa plastiki, la sivyo utakesha ukiisafisha). Yangu nimeing'oa kwenye spika mbovu. Chuma kinapanda, manjano inabaki.

Fanyeni nje, mkiupa upepo mgongo, na mwenye pumu akae mbali, kwani salfa ikiungua hutoa dioksidi ya salfa. Shika tyubu kwa koleo, pasha kitako chake. Salfa huyeyuka kwenye nyuzi 115 hivi, inageuka kahawia, halafu pale chini kunatokea wekundu kama kaa la mkaa. Hapo hapo ondoa moto! Wekundu utaendelea kupanda wenyewe, na hilo ndilo nataka walione kuliko jengine lolote: joto sasa linatoka kwenye mmenyuko, jiko halihusiki tena. Tyubu yenyewe hesabu imekwenda. Ikipoa kabisa, ifunge kwenye kitambaa uigonge kwa nyundo.

Vitabu husema bonge lile jeusi halinaswi na sumaku. Mara nyingi hunaswa kidogo, kwa sababu kuna chuma kilichobaki bila kuungana. Waambie hivyo wanafunzi, msifiche. Kinachotofautisha hasa ni asidi: tone moja la asidi haidrokloriki iliyozimuliwa, na harufu ya mayai viza inatoka. Ni haidrojeni salfaidi, na ni sumu. Ikizidi hulemaza pua, kwa hiyo harufu kupotea si dalili ya usalama. Tone moja, basi.

Kama skuli haina salfa, teremkeni mikokoni maji yakitoka. Tope jeusi chini ya mizizi limepata weusi wake kwenye salfaidi ya chuma iliyojitengeneza bila moto: bakteria wasiotumia oksijeni hugeuza salfeti ya maji ya bahari kuwa salfaidi, ikashikana na chuma cha kwenye tope. Lijaze kwenye chupa mpaka mdomoni na ufunge kifuniko, maana likipigwa na hewa hugeuka kahawia kabla hujafika darasani.