Kufunga heda za Altezza nyumbani: kazi iko kwenye stadi na kuvuja

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama unaweza kufunga mwenyewe heda (bomba za kutolea moshi zinazochukua nafasi ya manifodi ya kiwandani) za Toyota Altezza ya silinda nne nyumbani hapo Uyole, na kama zitarudisha nguvu ambayo gari linapoteza kwa sababu ya mwinuko.

La pili ni fupi. Hazirudishi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo huku inakosa kama asilimia 17 ya hewa ambayo ingeipata ikiwa Dar. Heda nzuri inasaidia moshi kutoka kwa wepesi, utaisikia zaidi kwenye mizunguko ya juu. Ila wembamba wa hewa ya huku hauondoi.

Kuhusu kufunga, inawezekana kabisa, lakini ujue kazi ngumu ni kufungua manifodi ya zamani. Hizi gari zina miaka zaidi ya ishirini. Nati zimepikwa na joto na kushika kutu, na stadi (bolti zisizo na kichwa zinazoshika manifodi) zimezama kwenye silinda hedi ya aluminiamu ambayo ni laini. Kwa hiyo anza jioni ya siku iliyotangulia: puliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila nati, rudia kabla ya kulala, rudia tena asubuhi. Soketi iwe ya kona sita. Ile ya kona kumi na mbili inakula kichwa cha nati. Nati ikigoma usichomeke bomba kwenye racheti ili upate nguvu zaidi. Ikaze kidogo mno, ilegeze, rudi, nenda, ongeza mafuta. Ukihisi spana inaenda laini, kama inavuta mpira, bila ule mlio wa kutu kuachia, simama hapo hapo. Nati haifunguki, stadi ndiyo inajipinda, na robo mzunguko mwingine itakatika. Hapo ndipo pa kutumia moto wa gesi kwenye nati pekee, baada ya kufuta mafuta yote uliyopuliza na kusogeza nyaya.

Nati ikitoka pamoja na stadi yake si tatizo, weka stadi mpya. Ikikatika na kubaki kipande nje, weka nati juu yake, chomelea kwa ndani, subiri ipoe, kisha zungusha taratibu. Joto la kuchomelea ndilo linalovunja kutu. Ikikatikia ndani kabisa, toboa katikati kwa uangalifu, ukianza na biti nyembamba. Msumari wa kutolea bolti, ule unaoingizwa kwenye tundu hilo kung'oa kipande, ukikatikia humo umejiongezea balaa, kwa sababu chuma chake ni kigumu na biti ya kawaida haikiingii. Ukifika hatua hiyo mwachie fundi mwenye mashine.

Kabla ya yote hayo: toa waya hasi wa betri, na gari likae kwenye stendi za chuma zenye ubao mpana chini. Uani kwetu ni udongo, mvua ikinyesha stendi inazama upande mmoja. Tofali usitumie, linapasuka bila kukuonya.

Sensa ya oksijeni (inayopima oksijeni kwenye moshi) ichomoe plagi kwanza, ndipo uifungue kwa spana ya 22. Nyuzi zake kwa kawaida ni M18, yaani kipenyo cha milimita 18. Toyota nyingine za zamani sensa imeshikwa na nati mbili kwenye kibati, hivyo hakikisha heda uliyonunua ina tundu la aina yako. Waya ukiwa mfupi, nunua nyongeza yenye plagi zake. Usiunge kwa risasi ya kulehemu, maana sensa nyingi huvuta hewa safi kupitia humo humo ndani ya waya.

Sasa heda yenyewe. Za bei nafuu zinapinda kibati cha kufungia kwenye hedi wakati wa kuchomelewa kiwandani. Laza rula ya chuma kwenye uso wake na ujaribu kupitisha fila geji (vibati vya kupimia mwanya), milimita 0.3 ikipita kirahisi, peleka ikasagwe kwanza. Gasketi ya kuziba kati ya heda na hedi iwe mpya, ya chuma yenye tabaka, na nati zote ziwe mpya. Gasketi meka ya silikoni (gundi ya kuziba) iache kabisa: joto la pale linaiunguza, na mvuke wake unaua sensa. Uso wa hedi usugue kwa brashi laini ya waya, na matundu yafunike kwa kitambaa ili uchafu usiingie kwenye valvu.

Shika nati zote kwa vidole kwanza, na kiungo cha chini, pale heda inapoungana na bomba la kwenda nyuma, kiache kimelegea. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu. Za M8 hukazwa karibu Nm (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 20 hadi 27, M10 karibu Nm 35 hadi 50, ila kipimo cha kitabu cha injini yako ndicho cha kufuata. Kiungo cha chini kifuate mwisho. Ukilazimisha bomba kwa jeki ili tundu zikutane, litapasuka kwenye weldi baada ya muda. Angalia pia maunti za injini, zile mpira zinazoishikilia. Zikiwa zimechoka, injini ikitikisika ndiyo inayovunja heda.

Ukiwasha mara ya kwanza kutakuwa na moshi wa mafuta ya kiwandani yanayoungua, hivyo iwe nje. Kuvuja kunasikika vizuri asubuhi injini ikiwa ya baridi, na baridi ya Uyole ya Juni na Julai inakusaidia hapo. Utasikia tak-tak-tak inayofanana na mlio wa tapeti za valvu, kisha inapotea chuma kikipanuka. Wengi wakisikia imenyamaza wanaachana nayo. Haijapona. Kwenye mwanya huo hewa ya nje inaingia katikati ya misukumo ya moshi, sensa inadhani mafuta ni kidogo, kompyuta inaongeza petroli. Spaki plagi zinakuwa nyeusi, ulaji unapanda, na mwenye gari anasingizia mwinuko, wakati EFI (mfumo wa kompyuta wa kupuliza petroli) isiyo na hitilafu hupima hewa na kujirekebisha yenyewe. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye viungo mara tu baada ya kuwasha, kabla havijapata moto, povu litakuonyesha.

Tembea kama kilomita 100, panda kidogo barabara ya Chunya injini ipate joto la kweli, acha ipoe usiku kucha, kisha kaza tena nati zote. Fanya hivyo kabla hujaenda Dar na kuishusha Kitonga. Mwisho pima urefu wa sehemu ya chini kabisa ya heda hadi ardhini ukiwa na abiria nyuma, kwa sababu nyingi hushuka kuliko manifodi ya kiwandani, na matuta ya barabara kuu ya TANZAM kuanzia Uyole hadi Igawa ni mengi.