Kuandika shajara ya Rosa: kwa ninyi mnaoanza

Nilipoanza kusoma fasihi tulipewa zoezi la kuandika shajara ya mhusika kijana. Nilimchagua Rosa, binti wa Namagondo kule Ukerewe, katika riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Nikaanza: "Leo Zakaria amenipiga kwa sababu ya barua ya Charles." Charles ni kijana aliyemwandikia Rosa barua ya mapenzi. Mwalimu alipigia mstari neno moja tu, Zakaria, akaandika pembeni: "Kwa Rosa, huyu ni nani?"

Swali hilo lilinikaa siku kadhaa. Anayemwita Zakaria ni msimulizi, naye yuko nje ya hadithi. Rosa humwita baba, hata usiku ambao mgongo unamuuma. Kwa hiyo kabla ya sentensi ya kwanza, pitia majina yote ukijiuliza mhusika wako anamwitaje kila mtu. Regina anakuwa mama. Flora, Honorata na Stella wanakuwa wadogo zangu. Hapo hata hisia zitabadilika, kwa kuwa kumlaumu Zakaria ni rahisi, kumlaumu baba kunauma.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi kukielewa ni kwamba Rosa hajui mwisho wake. Wewe umeshamaliza riwaya. Unajua ya shuleni Mwanza, unajua ya chuoni Morogoro, unajua anavyokufa. Msichana aliyelala na maumivu nyumbani kwao hajui lolote kati ya hayo. Ukimwandikia "maisha yangu yataharibika", hiyo ni sauti yako. Mwache aiogope kesho tu.

Fikiria pia daftari lenyewe linafichwa wapi. Baba aliyewaka kwa barua moja atafanyaje akikuta daftari zima? Basi jina la Charles halitaandikwa; ataandika "yule". Ataandika harakaharaka kwa mwanga wa koroboi, na sentensi nyingine itakatika kwa sababu mtu amekohoa chumba cha pili. Iache hivyo hivyo ilivyokatika.

Muhtasari wa sura usiuweke kabisa. Hakuna binti anayejieleza mwenyewe kwamba baba yake ni mlevi.

Nilipoandika upya, ukurasa mzima ulibaki mistari michache:

"Usiku. Baba amelala. Mama amenikanda mgongo kwa maji ya moto, hakusema neno. Stella ameniuliza kama bado inauma, nikamwambia hapana. Kesho nikikutana na yule njiani, sijui nitatazama wapi."