Mali Ifike kwa Watoto: Majibu kwa Wazazi Kuhusu Wosia na Mirathi

Maswali haya yametoka kwa wazazi wanaoishi Kenya, na majibu yanafuata Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, isipokuwa pale anapouliza Muislamu, ambaye mirathi yake hugawanywa kwa sharia ya dini yake.

Mimi ni mjane, naishi Nakuru. Nina watoto wawili, wa miaka 6 na 9, pamoja na ploti, akiba ya Sacco na pensheni ya kazini. Nikifariki, watoto wangu watavipata vitu hivi?

Watavipata, Mama, lakini lililo zito zaidi ni kupitia mikono ya nani na baada ya muda gani. Usipoacha wosia, watoto wako ndio warithi na watagawana sawa kwa sawa. Ila kwa kuwa hawajatimiza miaka 18, fungu lao litawekwa katika amana, na mahakama haitamkabidhi usimamizi mtu mmoja peke yake, asipokuwa Mdhamini wa Umma au shirika la udhamini. Wasimamizi wataanza kwa kutafuta barua ya chifu inayowataja warithi, ombi lao litatangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na hata wakishapewa barua za usimamizi, yaani idhini ya mahakama ya kusimamia mali, kwa kawaida miezi 6 hupita kabla mahakama haijazithibitisha ili mali igawanywe. Katika miezi hiyo muhula wa shule huanza na kwisha, na karo hudaiwa vilevile.

Ndiyo sababu ninakusihi uanze na Sacco na pensheni. Kisheria, mafao ya pensheni ya mwanachama aliyefariki hayahesabiwi kuwa sehemu ya mirathi. Wadhamini wa mfuko huyalipa kwa kufuata kanuni zao, nao hutazama kwanza fomu uliyomtaja mnufaika. Omba kuiona fomu hiyo kwa macho yako. Nyingi zilijazwa siku mtu alipoajiriwa, na jina lililomo bado ni la mume aliyetangulia mbele ya haki au la mzazi ambaye naye hayupo tena. Andika upya, utaje watoto wote wawili na fungu la kila mmoja, na kwa kuwa mtoto hawezi kupokea fedha hizo mwenyewe, taja mtu mzima atakayezipokea kwa niaba yao.

Kisha andika wosia. Humo unaweza kumteua mlezi wa watoto, jambo linalotambuliwa na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na vilevile wadhamini watakaoishika ploti na fedha. Maoni yangu ni kwamba mlezi na mshika fedha wasiwe mtu mmoja. Dada yako anaweza kuwa mlezi mwema kabisa, lakini anayewalisha watoto kila siku akiwa ndiye pia anayetoa fedha, hakuna wa kuuliza zimekwendaje. Eleza pia kodi ya ploti itumike kwa nini, kama ni karo, bima ya afya au chakula, na ikiwa inaweza kuuzwa, iuzwe kwa sababu gani. Wosia unaosema tu “naacha vyote kwa wanangu” umewataja warithi, lakini umemwachia mtu mwingine aamue wataishije mpaka wakue.

Nina wake wawili, Kakamega. Mke mkubwa ana watoto sita na mdogo ana wawili. Nisipoandika wosia, shamba litakatwa nusu kwa nusu?

La, Mzee. Sheria hugawa mali kati ya nyumba kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba na kumwongeza kila mke aliye hai kama fungu moja. Kwako nyumba kubwa ina mafungu saba na nyumba ndogo matatu, yaani saba kwa matatu katika kumi. Hata hivyo, katika kesi ya Rono dhidi ya Rono ya mwaka 2005, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba hesabu hiyo haimwondolei hakimu uwezo wa kutazama haki ya kila mmoja, na ilikataa hoja kwamba mabinti wapunguziwe kwa kuwa wataolewa. Mabinti zako basi wamo katika hesabu, wawe wameolewa au la. Ukitaka mgawanyo tofauti, kwa mfano kwa sababu mke mdogo bado analea, andika wosia ukiwa na nguvu zako, na uwaeleze wake wote wawili wakiwa pamoja.

Ni Muislamu wa Mombasa. Nina mke na mabinti wawili, sina mtoto wa kiume, na wazazi wangu wamefariki. Nina kaka mmoja. Nataka nyumba iwe ya mabinti. Niandike wasia?

Wasia hautakufikisha huko, kwa sababu hauzidi thuluthi moja ya mali na haumhusu mrithi ila warithi wengine waridhie baada ya kifo chako. Kwa mafungu ya faraidhi, yaani mgawanyo wa mirathi wa Kiislamu, mke atapata thumni moja, mabinti wawili watapata thuluthi mbili wakigawana, na kinachobaki, sehemu tano katika ishirini na nne, kitakwenda kwa kaka yako. Njia iliyo wazi ni hiba, yaani uwape nyumba ungali hai: utamke kuwapa, wakubali, na uwakabidhi kikweli, pamoja na kuhamisha hati katika ofisi ya ardhi. Usingoje ugonjwa wa mauti, maana hiba ya wakati huo huhukumiwa kama wasia. Pima pia hali ya mkeo, asije akabaki bila pa kukaa. Ningekushauri umwone kadhi pamoja na wakili kabla hujatia saini.

Mwanangu mkubwa ni mlevi. Naweza kumtoa kabisa katika wosia?

Unaweza kuandika hivyo, lakini mtoto wako, hata awe mtu mzima, huhesabiwa kuwa tegemezi na ana haki ya kuiomba mahakama impatie fungu. Mahakama itatazama pia mwenendo wake na sababu zako, kwa hiyo zieleze kwenye wosia kwa utulivu, bila matusi. Badala ya kumnyima, fikiria kuwaachia wadhamini fungu lake wamlipie kodi ya nyumba na matibabu moja kwa moja.

Wosia ulioandikwa kwa mkono bila wakili una nguvu?

Unazo, ikiwa umetimiza miaka 18, una akili timamu, umetia saini, na mashahidi wawili nao wametia saini mbele yako. Mashahidi hao wasiwe watu unaowarithisha wala wenzi wao, kwa maana zawadi yao itabatilika pasipokuwa na mashahidi wengine wawili. Na ukifunga ndoa baadaye, wosia huo hufutika, isipokuwa uliuandika kwa kutazamia ndoa na mtu huyo uliyemtaja. Ukifutika, andika mwingine.