Kugawanya desimali: kabla hujahamisha nukta, jua kwanza kwa nini inahama

Nyie mnaoanza desimali saivi, kuna kitu mimi nilichelewa sana kukielewa na kilinipotezea maksi nyingi. Nukta haihami kwa sababu mwalimu kasema ihame, inahama kwa sababu umezidisha. Ukishika hilo, mengine yote yanakuwa mepesi.

Chukua 7.2 ÷ 0.3. Iandike kama sehemu, 7.2 juu na 0.3 chini. Hiyo ya chini ndo inayosumbua, basi izidishe kwa 10 iwe 3, ila ukizidisha chini lazima na juu uzidishe kwa 10 hiyo hiyo ili thamani isibadilike, kama vile 1/2 na 5/10 ni kitu kilekile. Sasa una 72 ÷ 3, jibu 24. Na usishtuke kuona jibu limekuwa kubwa kuliko namba uliyoanza nayo. Kamba ya mita 6 ukiikata vipande vya mita 0.5 unapata vipande 12, manake ukigawa kwa namba chanya iliyo chini ya 1 jibu lazima liongezeke.

Kinachoamua uzidishe kwa ngapi ni namba inayogawanya, hiyo peke yake. Kwenye 4.2 ÷ 0.06, chini kuna tarakimu mbili baada ya nukta, kwahiyo unazidisha kwa 100 pande zote, inakuwa 420 ÷ 6 = 70. Wengi hapa wanafuta nukta tu kila upande wanabaki na 42 ÷ 6, wanaandika 7, wamekosa. Na kama juu nukta imebaki wala usihangaike nayo, 9.45 ÷ 0.5 inakuwa 94.5 ÷ 5, gawanya kawaida, ukifika kwenye nukta ipandishe kwenye jibu palepale juu yake, unapata 18.9.

Alafu kuna sifuri ya katikati, hii jamani naomba muiangalie kwa makini. 6.12 ÷ 0.3 ni 61.2 ÷ 3. 6 kwa 3 ni 2, halafu 1 kwa 3 haiingii, watu wanairuka wanaenda kushusha 2 wanapata 2.4. Hapana, isipoingia andika 0, ndo uweke nukta, ushushe 2 iwe 12, upate 4. Jibu ni 20.4. Hakiki kwa kuzidisha, 20.4 × 0.3 = 6.12, imerudi.

Kuhusu baki, hili halisemwi sana ila linaumiza. Una waya wa mita 7.3 unataka vipande vya mita 0.4, unafanya 73 ÷ 4, unapata 18 baki 1. Hiyo 1 sio mita moja! Si ulishazidisha kwa 10 mwanzoni, kwahiyo waya uliobaki ni mita 0.1. Swali lisipotaka baki, ongeza sifuri uendelee kugawanya, utapata 18.25. Zingine haziishi, mfano 2 ÷ 0.3 inatoa 6.666 bila mwisho, hapo unakadiria kwa nafasi ulizoambiwa.

Jaribu 9.15 ÷ 0.3 bila kikokotoo. Ukipata 3.5 rudi pale kwenye sifuri, ukipata 30.5 endelea na maswali magumu zaidi.