Shangazi, mume wangu hana habari ila vita na wauaji

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu ana miaka 61, amestaafu. Mchana anasoma vitabu vya vita, usiku anatazama tamthilia za upelelezi mpaka saa sita. Maiti na risasi ndiyo mazungumzo ya nyumba yetu, mjukuu wa miaka saba yupo hapohapo kwenye kochi. Alianza miaka mitatu iliyopita, baada ya mdogo wake kugongwa na gari akafa, na dereva kukimbia. Zamani alikuwa mtu wa taarab na kahawa barazani. Naogopa moyo wake umekuwa mgumu. Nifanyeje? – Mama Zuhura, Tanga*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale, kwenye ule mstari wa shemeji yako. Umeuandika kwa kupita tu, ukarudi haraka kwenye televisheni. Naomba turudi hapo.

Hukusema kesi imefikia wapi. Mimi duka langu liliwahi kuvunjwa. Karibu miaka miwili nikawa naenda kituoni na RB yangu, ile karatasi ya namba ya taarifa polisi, imekunjwa mpaka maandishi yanafutika, na jibu ni lilelile: upelelezi haujakamilika. Kipindi hicho ndipo nami nilipozama kwenye tamthilia hizo. Damu nilikuwa nafumba macho. Nilichokuwa nakingojea ni yule mpelelezi anayeinama barabarani, anaokota kipande cha kioo cha taa, anakitia kwenye kimfuko, na kabla ya taarifa ya habari mwenye kosa ana jina na sura. Mumeo kila usiku anamwona dereva anakamatwa. Ningekuwa yeye, nami nisingezima.

Vitabu navyo usivichukie, maana habari yenyewe iko mlangoni kwenu. Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walishusha hapo Tanga askari wapatao 8,000 walioletwa kwa meli kutoka India. Wajerumani chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck walikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Siku chache tu Waingereza wakarudi melini, wameacha bunduki na risasi ufukweni, na nyuki waliochokozwa na mapigano wamewauma vibaya. Mtu anasoma hayo, kesho anapita mitaa hiyohiyo kwenda sokoni. Lazima asimame aangalie.

Ila nadhani kuna zaidi. Vita ile iliendelea mpaka Lettow-Vorbeck aliposalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia. Miaka yote hiyo mizigo ilikwenda vichwani mwa watu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, na wengi hawana hata kaburi linalojulikana. Jina Kariakoo tunalolitaja kila siku limetokana na kikosi chao, Carrier Corps. Mtu aliyemzika ndugu yake bila kuambiwa nani kamuua, akikutana na kitabu kinachouliza hawa walikufaje na nani aliwapeleka, hakiweki chini. Huo si moyo mgumu, Mama Zuhura. Ni moyo unaouma.

Kwa hiyo rimoti usiifiche. Mjukuu alazwe mapema, hilo halina mjadala. Mtoto wa miaka saba hana analolitafuta pale. Kisha keti na mumeo usiku mmoja, umuulize anamshuku nani, mtazame mpaka mwisho. Ikiisha, mtaje shemeji kwa jina lake. Nyamaza. Mwache aseme, hata akilia.

Baada ya hapo nendeni wawili kituoni mkaulize jalada liko wapi na liko mikononi mwa nani. Sikuahidi kwamba dereva atapatikana. Langu mimi halikupata mtu. Lakini aliyekuwa anaulizia peke yake kwenye televisheni atakuwa anauliza mahali penyewe, na wewe ubavuni.

Ukiona halali kabisa, anashtuka usiku, au hasira zinaanza kuwaangukia watu wa nyumbani, usingoje: mpeleke hospitali ya mkoa, mwombe kuonana na watu wa afya ya akili.

Na kile kitabu, mwombe jioni moja akusomee ile habari ya nyuki. Someni barazani, utie na kahawa. Halafu uniandikie mliambiwa nini kituoni.